Ahadi Isiyo na Mdai

Wiki hii imetumwa klipu kwenye kundi letu la familia. Mhamasishaji amevaa suti, ukumbi umejaa, anasema mtu anayejiwekea ahadi akashindwa kuitimiza hajiheshimu, na asiyejiheshimu asitegemee kuheshimiwa na yeyote. Watu wakapiga makofi. Kwenye kundi zikamiminika emoji za moto. Kisha binamu yangu, ambaye anahangaika na tasnifu yake ya shahada ya uzamili, akaandika neno moja tu: "Kweli."

Neno hilo limenikaa rohoni. Si kweli hata kidogo, na anayeumizwa na maneno ya namna hii ni yule ambaye tayari halali usingizi. Wavivu wa kweli hawasikilizi hotuba za nidhamu, tena kwa sauti ya juu, saa sita za usiku.

Hebu mtazame dereva wa bodaboda. Jioni pale kijiweni kwetu yupo kijana ambaye hukaa juu ya pikipiki akapanga noti juu ya tangi: hizi za mafuta, hizi za kula, hizi hesabu ya tajiri, mwenye pikipiki. Hesabu hutengwa kwanza. Mvua inyeshe, trafiki amsimamishe, abiria wawe wa kutafuta kwa tochi, hesabu ya tajiri itapatikana, hata kama ni kwa kumkopa mwenzake wa kijiwe. Kijana huyohuyo amejiwekea ahadi ya kutenga elfu mbili kila siku ili siku moja anunue pikipiki yake mwenyewe. Hiyo ndiyo inayosogezwa. Leo hali ngumu, kesho. Kesho kuna msiba, wiki ijayo. Mtu ni yuleyule, nidhamu ni ileile, fedha zimetoka mfuko mmoja. Kilichotofautiana ni kwamba hesabu ina mtu atakayepiga simu saa mbili usiku kuulizia. Tunasema ahadi ni deni, na ni sawa, lakini deni ambalo hakuna anayelidai hulipwa siku gani?

Nasisitiza jambo hili kwa sababu lilishapimwa, na halikupimwa mbali. Wachumi watatu, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, walifanya kazi kwa miaka kadhaa na wakulima wa mahindi huko Busia, magharibi mwa Kenya, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2011. (Duflo na Kremer ndio walioshiriki Nobeli ya uchumi ya 2019 pamoja na Abhijit Banerjee.) Wakulima walioshiriki mashamba ya mfano, wakaona kwa macho yao mbolea inavyobeba mahindi, waliulizwa kama watatumia mbolea msimu unaofuata. Asilimia 98 hivi walisema ndiyo. Msimu ulipofika, waliotumia walikuwa kama asilimia 37.

Mhamasishaji wetu angepewa takwimu hizo angewahubiria wakulima wale hadi jua lizame. Lakini fikiria mwaka wa mkulima ulivyo. Fedha huwepo wakati wa mavuno. Mbolea hutakiwa miezi kadhaa baadaye. Hapo katikati kuna ada, kuna mtoto kuugua, kuna harusi ya shemeji, kuna bati limevuja. Kila siku anajiambia atanunua wiki ijayo, na kila siku ana sababu ya haki. Ukifika wakati wa mbolea ya kukuzia, mfuko mtupu.

Watafiti hawakuwahubiria. Waliwafuata nyumbani mara baada ya mavuno, fedha ikiwa bado ya moto, wakawauzia vocha ya mbolea kwa bei ileile ya dukani, na kuwaahidi kwamba mzigo wataletewa bure wakati watakapouhitaji. Basi. Matumizi ya mbolea yakapanda kwa asilimia 47 hadi 70. Huduma hiyohiyo ya kuletewa bure ilipotolewa baadaye, wakati wa kuweka mbolea shambani, haikuleta mabadiliko ya maana. Na hapa ndipo ninapopapenda zaidi: kundi moja la wakulima liliulizwa mapema linataka wauzaji waje lini, na karibu nusu wakachagua waje mapema, mara tu baada ya mavuno. Kwa hesabu ya kawaida hilo ni jambo la ajabu, kwa nini mtu atake kutoa fedha mapema wakati anaweza kukaa nazo? Waliomba hivyo kwa sababu wanajijua. Walijua kwamba fedha ikilala ndani haitafika msimu wa mvua.

Huko ndiko kujiheshimu, kujua udhaifu wako uko saa ngapi na kuuwahi kabla haujafika.

Mama zetu wa VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, wanalijua hili tangu zamani. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti, na mtunza sanduku hana hata mmoja. Hisa hununuliwa mbele ya wote, kijitabu kinagongwa muhuri, anayechelewa anatozwa faini mbele ya macho ya jirani yake. Sijasikia mtu akisema wale akina mama hawana nidhamu kwa kuwa wameweka kufuli tatu. Tunawasifu, na wanastahili sifa. Basi kwa nini mtu mmoja, peke yake chumbani na daftari lake la malengo ya mwaka, adaiwe kufanya kwa moyo mtupu kazi ambayo kikundi kizima kinaifanya kwa kufuli, muhuri na faini?

Nakubali, kufuli nayo inaweza kuzidi. Mchumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson yuleyule, nao wakiwa magharibi mwa Kenya, waligawa masanduku ya bati ya kuwekea akiba ya afya. Sanduku ambalo ufunguo alibaki nao mwenyewe lilisaidia sana. Lile ambalo ufunguo wake ulishikwa na ofisa wa mradi halikuwasaidia wengi kununua vitu vya kinga, maana mtu anaogopa kufungia fedha mahali ambapo dharura ikija usiku hawezi kuifikia. Kwa hiyo mdai awepo, ila kufuli yake iwe ya kufunguka.

Nirudi kwa binamu yangu. Sura yake ya nne ilirudishwa na msimamizi ikiwa imejaa alama nyekundu. Nilikuwa kwao siku moja alipoamua kuifungua. Kompyuta ikawashwa. Akafuta vumbi kwenye kioo. Akaenda kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyemtuma aoshe, akaanika nguo, akarudi, akaangalia jina la faili, akafunga. Mvivu haoshi sufuria za ugali zilizoganda. Yule ni mtu anayeogopa. Wanasaikolojia Fuschia Sirois na Timothy Pychyl waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha kazi ni njia ya kuikimbia hisia mbaya inayokuja na kazi hiyo, na tangu nimwone binamu yangu na vyombo vyake sina shaka nalo. Sasa mtu huyu ukimwongezea aibu, umemsaidia nini? Umeongeza ile hisia anayoikimbia. Kesho ataosha na madirisha.

Alichohitaji ni saa, mahali na mtu. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Kijerumani, ameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mtu anayesema "nikimaliza chai ya asubuhi nitakaa meza ile nijibu maoni mawili ya kwanza" hufika mbali kuliko anayesema "mwezi huu lazima nimalize". Na mambo ya siku 21 za kubadili tabia tuyaache. Phillippa Lally na wenzake wa University College London (UCL) waliwafuatilia watu wakijenga tabia mpya, wa katikati alichukua siku 66, wengine 18, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Anayeteleza wiki ya nne hajashindwa, bado yuko njiani.

Wavivu wapo, sikatai. Na hotuba huwa inamwamsha mtu mmoja mmoja, hilo nalo sikatai. Na kuna kuchelewa ambako si kosa la mtu kabisa: foleni za kusajili laini za simu hapa Tanzania zilipofurika kuelekea 20 Januari 2020 tuliambiwa tunapenda dakika za mwisho, wakati wengi walikuwa bado wanasubiri namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa.

Ningekuwa na sauti kwenye chama cha ushirika cha mazao, ningeomba kitu kimoja. Pale mezani mkulima anapohesabiwa fedha za mauzo, kabla hajazitia mfukoni, awepo mtu wa kumuuliza: ya mbolea ya msimu ujao tukuwekee? Akisema hapana, apewe fedha zake zote aende kwa amani. Akisema ndiyo, aandikiwe risiti palepale. Pale kijiweni nako kamati ipo, daftari lipo, na michango ya misiba hukusanywa bila shida. Wakiongeza safu moja ya elfu mbili za pikipiki, kila jina na tiki yake, sioni watakachopungukiwa.