Niape Kwamba Mimi Ni Mimi

Jamani, siku ya kununua nyumba hakuna anayekusumbua. Ukija na hela mkononi unaitwa mheshimiwa. Subiri siku utakapotaka kuiuza, ndipo utajua kuwa miaka yote mwenye nyumba ni makaratasi, wewe ulikuwa unayafagilia tu.

Natoa hati miliki, kifua mbele. Wakili anaitazama, anatazama kitambulisho changu, anarudi kwenye hati. "Mzee, wa kwenye hati ni Athumani. Wewe ni Othman." Namwambia ndiye mimi huyo huyo, sura si unaiona? Haitoshi. Inatakiwa hati ya kiapo. Nikaapa kwamba mimi ni mimi, na kuapa kwenyewe nikalipia.

Mkopo wa benki nilishaumaliza zamani. Kumbe deni linaweza kuisha na rehani ikabaki imekaa kwenye daftari la msajili, imetulia. Mnunuzi kafanya upekuzi, kaikuta. Benki hiyo nikichelewa rejesho ilinipigia simu alfajiri. Leo naomba waraka wa kufuta rehani, naambiwa mhusika yuko likizo.

Risiti za kodi ninazo, sikatai. Ila zile za mashine wino umeruka wote, zimebaki nyeupe pe kama sanda. Nazinyanyua juani moja moja, natafuta hata tarehe.

Halafu mama watoto. Wakili kasema nyumba tunayoishi kama mke na mume inahitaji ridhaa yake ya maandishi. Nikampelekea karatasi na kalamu juu. Akavaa miwani. Mtu huyu hata maelezo ya dawa hasomi, lakini hii kaisoma mpaka penye mhuri.

"Baba Zuhura, bei mbona siioni?"

"Bei itakuwa kwenye mkataba wa mauziano, mke wangu."

"Basi nitasaini nikiuona mkataba."

Kalamu akabaki nayo.

Sasa mnunuzi kaja na jipya: anataka kibali cha ujenzi cha baraza, maana kwenye ramani iliyopitishwa baraza halimo. Na baraza lenyewe ndilo lililomvuta! Kila akija hataki kuingia ndani, anakaa hapo hapo kivulini, mguu juu ya mguu, anapunga upepo, ananiuliza kibali kiko wapi.