Bamvua la Norfolk na bamvua la Mida

Sisi watu wa pwani tunaoishi Uingereza tumekuja na elimu ambayo wenyeji wengi huitafuta kwenye jedwali: tunajua maji. Anayehesabu mwezi anajua bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, li lini, na kuangalia ndege wa ufukweni huku wakati wa vuli kunategemea hilo kuliko kitu kingine chochote.

Pa kwenda ni Snettisham, jimboni Norfolk mashariki mwa Uingereza, kwenye ghuba ya The Wash, kati ya Agosti na Oktoba. Bamvua likijaa, tope lote hufunikwa, na makumi ya maelfu ya kitwitwi wanene waitwao knot huruka kwa pamoja kama moshi, kisha hutua kwenye mabwawa nyuma ya ufukwe. Fika saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, maana kutoka maegesho unatembea kama kilomita mbili. Kosa kubwa ni la saa. Jedwali la maji la GMT, yaani saa za Greenwich zisizofuata saa za kiangazi, linataka uongeze saa moja hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ukiiongeza kwenye jedwali lililokwisha kurekebishwa, utawakuta ndege wameshatua.

Chagua bamvua la mwezi mchanga. Kuanzia Septemba bata bukini wenye miguu ya waridi huwasili kutoka Iceland. Hulala kwenye ghuba na alfajiri huruka kwenda mashamba ya viazisukari, lakini mwezi mpevu ukiwaka hula usiku, na asubuhi hupati msafara wa maana.

Mida, hori iliyo karibu na Watamu, Kenya, hesabu inageuka. Huko bamvua hujaa mnamo saa kumi jioni, nawe uwe kwenye mikoko tangu saa nane, maji yanapopanda na kuwasogeza ndege. Ukingoja yajae kabisa, wamekwenda kupumzika kwingine; maji yakipwa, wako mbali. Sululu, ndege wa mdomo mrefu uliopinda, utawaona kote kuwili, ila mla kaa, yule mweupe mwenye mgongo mweusi anayechimba shimo la kutagia kwenye mchanga wa Uarabuni, Norfolk hutampata. Kwa ukaribu wa ndege, Mida inaishinda Snettisham, tena bila baridi ya kugandisha vidole.

Kinachoniuma ni watazamaji. Norfolk utakuta bibi na mjukuu wakipokezana darubini. Kwetu, mvuvi anayejua kila kijito cha Mida hajawahi kushika hata moja, na kazi hii kwa kiasi kikubwa imeachiwa wageni.

Kwa hiyo ukienda nyumbani, beba darubini ya mtumba ya 8x42 (inayokuza mara nane, yenye lenzi ya milimita 42), uiachie shule iliyo karibu na maji. Ile inayokuza mara 10 hutikisika mikononi mwa mtoto. Kabla ya kununua, itazame kinyumenyume kwenye mwanga: utando kama wa buibui ndani ya lenzi ni kuvu, na hautoki kwa kitambaa. Unyevu wa pwani huuotesha upesi, basi waiweke kwenye kopo kavu lenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.