Muulizeni mganga anaiandaaje

Mtafiti akifika kwa mganga wa jadi huku Usukumani, mara nyingi karatasi yake ina maswali mawili makubwa: mti gani, na unatibu nini. Akishajibiwa anakata tawi, anachukua kipande cha gome au mzizi, anashukuru, anapanda pikipiki kurudi mjini. Baadaye unga wa mti ule unalowekwa kwenye ethanoli, maji yake yanadondoshewa kwenye sahani iliyooteshwa bakteria, bakteria wanakufa kulizunguka tone, na makala inatoka kwenye jarida ikisema mti huo una uwezo wa kutibu. Safari imeishia hapo. Mzee aliyeutoa mti hapati hata nakala.

Mimi ni mfamasia hapa Mwanza, na jambo hili linaniuma. Naamini kabisa kwamba kwenye vichaka vilivyobaki kati ya Magu, Misungwi na Sengerema kuna kemikali ambazo zingeweza kuwa dawa kesho. Na naamini tunazikosa kwa sababu maswali yetu ni machache mno.

Kuua bakteria kwenye sahani ni jambo dogo. Siki inaua, chumvi nyingi inaua, spiriti inaua. Tunachotaka kujua ni kama kitu hicho kinaua mdudu kwa kiasi kidogo ambacho mwili wa mtu unakibeba bila ini wala figo kudhurika, kama kikimezwa kinavuka tumbo bila kuharibika, na ni kemikali ipi hasa, kati ya nyingi zilizomo kwenye gome moja, inayofanya kazi. Kuipata hiyo moja ni kazi ya kutenga, kupima, kutenga tena, kupima tena, na inaweza kula miaka. Siwadharau wanaoanzia kwenye sahani, kwani lazima uanzie mahali. Ila mtu anayeanza safari ndefu hivyo angeondoka na taarifa kamili, na taarifa hiyo anayo mzee tuliyemwacha chini ya mwembe.

Angalieni ilivyopatikana artemisinini, kemikali ambayo ndiyo imezaa dawa mseto ya malaria, hizi ALu ambazo hakuna mama wa Kirumba au Igoma ambaye hajawahi kumpa mtoto wake. Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Tu Youyou, mtafiti wa dawa wa Beijing, aliingia kwenye mradi huo mwaka 1969. Yeye na wenzake walipekua maandiko ya waganga wa zamani na kujaribu mimea mingi. Mmea mmoja, qinghao, ulionesha matumaini, kisha ukaanza kuwachanganya: leo unafanya kazi, kesho haufanyi. Tu akarudi kwenye maandishi ya Ge Hong, mganga wa karne ya 4, akayasoma upya. Maelekezo yalikuwa mafupi: chukua konzi ya qinghao, loweka kwenye maji, kamua, kunywa yote. Hakuna mahali palipotaja moto. Wao walikuwa wanauchemsha, na joto lilikuwa linaiharibu dawa yenyewe. Akahamia kwenye etha, inayochemka kwenye nyuzi kama 35 tu, na Oktoba 1971 sampuli namba 191 ikafuta vimelea vyote kwenye panya. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaimeza wenyewe kwanza, wakachunguzwa, ndipo wakapewa wagonjwa. Mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Mti ulikuwa unajulikana. Ugonjwa ulikuwa unajulikana. Kilichokuwa kimekosekana kilikuwa kwenye namna ya kuuandaa, na namna hiyo iliandikwa na mganga zaidi ya miaka 1,600 kabla.

Upande wa Magu kuna mzee mmoja ambaye marehemu baba yangu alimheshimu sana. Nikienda kumwamkia huwa ananichukua tukatembee. Kuna dawa yake ya tumbo. Mti wenyewe sitautaja kwa sababu ni mali yake. Alinionesha anavyouchimba. Anafukua upande mmoja tu, anautafuta mzizi wa pembeni unene wa kidole gumba, anaukata kwa panga mara moja, kisha anarudisha udongo na kuukanyaga taratibu mpaka ushikane. Nikamuuliza, "Babu, kwa nini usichukue ule mnene wa katikati?" Akasema, "Ng'wanone, na mwakani nitachimba nini?" Nyumbani anakwangua ganda la nje la kijivu na kulitupa mbali na kuku, anabakiza la ndani lenye wekundu. Anachemshia kwenye chungu cha udongo. Sufuria ya aluminiamu hataki kuiona. Povu la kwanza linapopanda analiengua lote na kulimwaga. Maji yakipungua nusu anaepua. Mjamzito hampi, na mtoto ambaye hajaanza kula ugali hampi.

Mimi nilipokuwa naangalia lile povu likimwagwa nilikuwa nawaza darasani. Mti unaotoa povu jingi namna ile kwa kawaida una saponini, na saponini zikizidi zinachubua tumbo na kusababisha kutapika. Chungu cha udongo nacho kina maana: tanini za kwenye magome hushikana na baadhi ya metali. Na ganda la nje la mzizi mara nyingi lina kemikali tofauti na la ndani. Yule mzee hana darubini, lakini kwa kuona wagonjwa wake na wa baba yake ameshatenga sumu kutoka kwenye dawa hatua kadhaa kabla mtu wa maabara hajagusa kitu. Aliniambia pia kuwa vijana wa utafiti wamewahi kufika kwake. Walichukua mzizi mzima, na ganda lake, wakaondoka. Kwa hiyo walichokwenda kupima siyo dawa yake.

Kuna maswali mengine. Unauchimba mwezi gani, kabla ya mvua au baada? Asubuhi au jioni? Unatumia mti mmoja au unachanganya, na ukichanganya kipi kinaingia kwanza? Kemikali kwenye mmea hupanda na kushuka kwa majira, na mchanganyiko unaweza kuwa na kiungo ambacho peke yake hakitibu chochote ila kinaisaidia dawa ipenye mwilini. Halafu lile swali ambalo sijawahi kuliona kwenye dodoso lolote lililopita mikononi mwangu: mgonjwa akinywa, unaona nini, siku ya kwanza, siku ya tatu?

Hilo la mwisho lina historia nzito. Kuna ua dogo, jeupe au la waridi, linalopandwa kwenye makopo mbele ya nyumba nyingi za Isamilo na Nyegezi. Asili yake ni Madagaska na halihitaji hata maji mengi. Kule Jamaika watu walikunywa chai ya majani yake kwa kisukari. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 majani hayo yalifika Kanada, kwenye maabara ya Robert Noble. Sukari ya panya haikushuka, na mtafiti mvivu angeyatupa. Wao waliona kwamba chembe nyeupe za damu zimeshuka vibaya, na dawa inayoshusha chembe nyeupe inaweza kupambana na saratani ya damu. Mwaka 1958 Noble na Charles Beer walitangaza vinblastini. Vinkristini ikafuata miaka michache baadaye. Leo vinkristini ni mojawapo ya dawa za kutibu ile saratani ya taya ya watoto aliyoieleza Denis Burkitt akiwa Uganda, pia mwaka 1958, saratani ambayo ukanda huu wa Ziwa Victoria unaifahamu kwa uchungu. Watoto wanaopelekwa hospitali ya Bugando na uvimbe huo wanatibiwa kwa kemikali iliyotoka kwenye ua linalochanua mtaani kwao. Kila nikifikiria hivyo napata nguvu ya kuendelea kuyasema haya.

Sitaki mtu asome hapa akaondoka na wazo kwamba cha asili hakidhuru. Kinadhuru. Miaka ya 1990 mwanzoni, kule Brussels, wanawake waliokuwa wanatumia dawa ya kupunguza mwili iliyochanganywa mitishamba waliharibika figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo, kwa sababu nafasi ya mmea mmoja wa Kichina ilichukuliwa kimakosa na mwingine wenye jina linalofanana, wa jamii ya aristolokia. Kwetu jina moja la Kisukuma linaweza kubeba miti miwili tofauti ukivuka tu kutoka Kwimba kwenda Geita. Ndiyo maana kila sampuli inapaswa kukaushwa, kubandikwa kwenye karatasi, kuandikwa mahali na tarehe, na kutunzwa kwenye hifadhi ya mimea ili miaka 20 ijayo mtu aweze kuthibitisha tulikuwa tunaongelea mti upi. Na anayetumia ARV au dawa za presha asiziache kwa ajili ya chupa yoyote ya mizizi. Tunakumbuka Samunge, Loliondo, mwaka 2011, foleni za magari kwenda kwa mchungaji aliyegawa kikombe cha dawa cha shilingi 500. Wapo walioacha ARV baada ya kikombe kile, na familia zao zinajua yaliyofuata.

Tuanzie wapi? Mimi ningeanza na kichocho. Tanzania inahesabiwa ya pili barani Afrika kwa mzigo wa ugonjwa huo, baada ya Nigeria, na huku ziwani mvuvi, mwanamke anayeosha dagaa mwaloni na mtoto anayeogelea wote wanakanyaga maji yale yale. Dawa tunayoitegemea ni moja tu, prazikwanteli, ya tangu miaka ya 1970. Inaua minyoo waliokomaa. Wachanga inawaacha, na haimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi majini kesho yake. Ikianza kuzoeleka na minyoo hatuna ya pili mfukoni. Tuna NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa hapa Mwanza, tuna chuo cha Bugando chenye wanafunzi wa famasi, tuna wazee wa visiwani Ukerewe ambao wamekuwa wakitibu watu wanaokojoa damu na wenye matumbo ya maji tangu kabla ya hospitali. Vyote viko mwendo wa kivuko.

Na mfano upo jirani. Mwaka 1964, huko Adwa, Ethiopia, mtafiti kijana Aklilu Lemma alikuwa anachunguza konokono wa kichocho mtoni. Akaona kwamba chini kidogo ya mahali wanawake wanapofulia, konokono wamekufa. Walikuwa wanafulia kwa matunda ya endod, mmea unaoota pia sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kilichoua konokono ni saponini, zile zile za povu. Ugunduzi mzuri, rahisi, wa bei ya chini. Na bado alizungushwa miaka mingi na wakubwa wa nje waliotaka kila kitu kirudiwe kwenye maabara zao kabla ya kukiamini. Yeye na mwenzake Legesse Wolde-Yohannes walikuja kupewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 1989. Baadaye chuo kikuu cha Toledo, Marekani, kikapata hataza, yaani haki ya kisheria juu ya ugunduzi, ya kutumia endod kuua kome wanaoziba mabomba ya maji. Wanawake wa Adwa hawamo kwenye hataza hiyo.

Wazee wetu hawajasoma habari za Toledo, lakini harufu yake wanaijua. Ukiona mganga anakutajia mti nusu nusu, anakupa jani la mti mwingine, anakwambia "njoo mwezi ujao", anajilinda. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na lipo baraza lililoundwa kwa sheria hiyo. Mei 2024 nchi zilikubaliana Geneva juu ya mkataba unaomtaka anayeomba hataza aseme rasilimali ilitoka nchi gani na maarifa yalitoka kwa jamii ipi. Ni hatua kubwa na naishangilia. Hata hivyo mkataba wa Geneva haumfikii babu wa Magu kama yule kijana wa pikipiki hakuandika jina lake mahali.

Miti nayo haisubiri. Usukuma ilifyekwa mapori kwa ajili ya kufukuza mbung'o, ikafyekwa tena kwa pamba, na sasa mkaa unamalizia. Zilizotuokolea miti ya dawa sehemu nyingi ni ngitili, zile sehemu za malisho ambazo wazee walizifunga kwa makubaliano ya kijiji, na ambazo HASHI, mradi wa hifadhi ya ardhi, ulizifufua Shinyanga kuanzia 1986. Bajeti ya utafiti wa dawa Kanda ya Ziwa isiyokuwa na fungu la ngitili mimi naiona pungufu.

Ninachoomba kwa wakuu wa vyuo na vituo vyetu kinaweza kuanza muhula ujao bila mashine mpya. Mwanafunzi anayekwenda kwa mganga akae mpaka dawa iive. Aandike sehemu ya mmea, majira, chombo, moto, kinachotupwa, kipimo, nani haruhusiwi kunywa, na mganga anaona nini kwa mgonjwa siku hadi siku. Maabara ianze na dawa kama ilivyotoka kwenye chungu, ethanoli ije baadaye. Jina la mganga liingie kwenye fomu kama mwenye maarifa, na kwenye makala pia kama ameridhia. Na nakala moja ya fomu hiyo, kwa Kisukuma au Kikerewe, yenye tarehe na sahihi ya chuo, ibaki nyumbani kwake.