Wanafunzi kwenye meza ya waandishi Annapolis: tatizo ni kalenda

Mwaka 2022 kituo cha utafiti cha Pew kiliwahesabu waandishi wanaofuatilia serikali na mabunge ya majimbo 50 ya Marekani. Walifika 1,761, kutoka 1,592 mwaka 2014. Ukiishia hapo utaona mambo shwari. Ila wale ambao kazi yao ni hiyo tu, mwaka mzima, walipungua kutoka 904 hadi 850. Waliobaki katika hesabu ni watu wa kuja na kuondoka: wa msimu wa vikao, wanaogawa muda wao na kazi nyingine, na wanafunzi wa vyuo vikuu.

Kuhusu hao wa mwisho kuna ugomvi wa siku nyingi. Upande mmoja husema heri mwanafunzi kuliko kiti kitupu. Wa pili husema mwanafunzi ni kiraka kinachomfanya mwenye gazeti asahau kwamba nguo imechanika. Kwa bahati mbaya pande zote mbili hupenda kubishana juu ya uwezo wa vijana, wakati uwezo ndiyo sehemu rahisi ya jambo lenyewe.

Chukua Maryland. Chuo cha uandishi wa habari cha Philip Merrill, kilicho katika Chuo Kikuu cha Maryland, kinaendesha shirika la habari liitwalo Capital News Service, lenye ofisi Annapolis, makao makuu ya jimbo, na stori zake huchapishwa na magazeti. Bunge la huko lina maseneta 47 (idadi ile ile ya maseneta wanaochaguliwa na kaunti za Kenya, kwa hiyo haisahauliki) na wajumbe 141. Hukutana siku 90 kwa mwaka, na ndani ya siku hizo hupokea miswada zaidi ya 2,000. Mchana mmoja kamati kadhaa huketi kwa wakati mmoja, na mwandishi mmoja wa gazeti hawezi kuwa vyumba vinne. Wanafunzi wanne wanaweza, na hapo watetezi wao wana haki kabisa. Mengi yanayoamua hatima ya muswada hutokea katika kamati, wala si kwenye hotuba za ukumbini.

Makosa yao yapo, lakini karibu yote yanajulikana kabla hayajatokea. La kwanza ni kusoma muswada wenyewe. Maryland huchapa miswada yake kwa alama: maneno ya herufi kubwa yanaongezwa kwenye sheria, yaliyo ndani ya mabano ya mraba yanaondolewa, na yasiyo na alama yoyote ni sheria iliyopo tayari. Tuseme kifungu kinasema mwombaji awe na umri usiopungua miaka [kumi na minane] ISHIRINI NA MMOJA. Asiyejua alama atayageuza mabadiliko kichwa chini miguu juu. Kosa baya zaidi ni la kimyakimya: mwandishi huokota sentensi isiyo na alama, akaitangaza kuwa pendekezo jipya, kumbe imekuwa sheria miaka mingi. Ufafanuzi wa alama hizo upo chini ya ukurasa wa kwanza wa kila muswada, mahali ambapo mtu mwenye haraka hatazami.

La pili ni neno “Bunge limepitisha”. Muswada mmoja mara nyingi huwasilishwa mapacha, wa Seneti na wa Baraza la Wajumbe. Pacha mmoja akipita kwao, bado hajapita kwa jirani. Tena, wingi unaotakiwa ni wa wabunge wote waliochaguliwa, si wa waliopiga kura: 24 Seneti, 71 Barazani. Kura 23 za ndiyo dhidi ya 20 za hapana zimeangusha muswada, ingawa ukumbini zilisikika kama ushindi.

La tatu ni tathmini ya gharama inayoambatana na muswada. Juu yake huandikwa ni ya toleo lipi. Muswada ukishafanyiwa marekebisho, tathmini ya toleo la kwanza haifai tena, lakini ndiyo anayoipata mwanafunzi aliyeipakua wiki tatu zilizopita.

Haya yote mhariri mzoefu huyanasa kwa dakika kumi. Asichoweza kukinasa ni kalenda. Mwaka 2025 Bunge la Maryland lilifunguliwa Januari 8, gavana Wes Moore akawasilisha bajeti Januari 15, na masomo ya muhula yakaanza Januari 27. Siku 19 kati ya 90 zilikuwa zimekwisha, na bajeti, katika mwaka ambao jimbo lilikuwa na pengo la takriban dola bilioni 3, ilikuwa mezani tayari. Kisha kuna siku ambayo muswada unapaswa kuwa umeshavuka kwenda upande wa pili, la sivyo hupelekwa kamati ya kanuni na kuanza kuombewa. Mwaka huo ilikuwa Machi 17. Likizo ya chuo ilianza Machi 16.

Kisha Mei wanaondoka, na Septemba wanakuja wengine. Seneta aliyeahidi jambo mbele ya kamati Februari hatakutana tena na aliyemsikia. Hata ombi la nyaraka za umma lina miguu mizito: sheria ya jimbo inaipa ofisi hadi siku 30 kujibu, na baada ya saa mbili za kwanza za kazi ya kutafuta inaweza kutoza ada. Ombi la katikati ya Machi huenda likajibiwa Bunge likiwa limeshafungwa, na aliyeliandika akiwa anakaribia mitihani.

Kuhusu fedha, wapinzani wana hoja nusu. Ni kweli mwanafunzi analipa karo ili afanye kazi ambayo gazeti linaipata bila mshahara. Lakini magazeti mengi madogo yanayochapisha stori hizo hayakuwa na mtu Annapolis wa kufukuzwa. Hoja hiyo ina uzito pale tu chombo chenye uwezo kinapofunga ofisi yake kwa kutegemea wanafunzi.

Linalonisumbua zaidi halizungumzwi sana. Chuo Kikuu cha Maryland ni cha umma. Bunge ndilo linalopitisha fungu lake, na gavana ndiye huteua wengi wa wajumbe wa bodi inayosimamia mfumo wa vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Kwa hiyo mwanafunzi anaripoti juu ya watu wanaoshika mfuko wa mwajiri wa mhariri wake. Kutoa kanusho mwishoni mwa stori ni adabu, lakini hakuondoi mgongano. Bajeti ya chuo ingeachiwa chombo kingine, hata kama stori itachelewa siku mbili.

Kalenda nayo ina dawa, ila inagharimu. Angalau mwanafunzi mmoja alipwe kuanzia siku Bunge linapofunguliwa hadi Agosti, likizo ya Machi ikiwemo. Na kila anayeondoka aache faili la makabidhiano: namba za miswada iliyokufa na nani aliiua, ahadi zilizotolewa kamatini na tarehe zake, maombi ya nyaraka ambayo hayajajibiwa, na namba ya karani wa kamati ambaye hupokea simu.