Noti Zilizostaafu

Swahiba wangu ameshawarushia sauti kwenye kundi kwamba nimeosha sahani kwenye treni ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia. Uongo. Sahani sikugusa. Mengine yote, basi tu, ni kweli.

Tangu Mbeya nilikuwa mwalimu. Daraja la pili, chumba cha vitanda sita, wasikilizaji watano wasio na pa kukimbilia. Nikawapa mpaka wa Tunduma: Mjerumani na Mwingereza walikubaliana mwaka 1890, wakapiga mstari kutoka mto Songwe kuelekea Ziwa Tanganyika, Wanyamwanga wakajikuta nusu huku nusu kule. Nikawapa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliyevuka kwa Mwingereza Novemba 1918 akafika hadi Kasama, inakopita treni yetu, vita Ulaya vimeshakwisha na yeye hana habari. Alisalimu amri tarehe 25 pale Abercorn, Mbala ya leo.

Vichwa vikatikiswa. Nikanogewa, nikaingia kwenye fedha ya Zambia. "Kwacha ilikatwa sufuri tatu 1 Januari 2013! Elfu hamsini ya zamani ikawa hamsini. Katikati ya mwaka huohuo za zamani zikakoma. Muwe macho!"

(Nyie mnaocheka tayari, subirini.)

Tunduma, maafisa uhamiaji wanagonga mihuri, wabadilisha fedha nao wamo. Giza linaingia. Kijana mmoja akaniita "mzee wangu", nikalegea. Nikatoa shilingi elfu ishirini. Akahesabu: "Hamsini, hamsini, hamsini, hamsini." Noti zimekunjwa, dole gumba limekalia mkunjo. Nikatia mfukoni. Hivi mtu akuite mzee wangu, halafu umkunjulie noti usoni?

Behewa la chakula, upande wa Zambia. Saa imerudi nyuma saa moja, njaa haikurudi. Nshima (ugali wa Zambia), kuku, soda. Nikatafuna mpaka mfupa, nikatoa noti moja, nikasema kwa sauti ya kusikika: "Chenji baki nayo."

Mhudumu akakunjua mkunjo wa kwanza. Furukombe, ndege wa noti za kwacha, akachungulia. Akakunjua wa pili. Sufuri. Akaiwekea kidole. Sufuri nyingine. Kidole kikasogea, midomo inahesabu kimyakimya, na mimi nahesabu naye. Nne. Akainyanyua kwenye taa. Akamwita mpishi. Mpishi akaja na mwiko wake, akaiangalia noti, akaniangalia mimi, tena kwa upole, kama mtu anayeangalia mgonjwa.

"Mzee, hii imestaafu."

Meza ya nyuma, sauti ya mwanafunzi wangu: "Elfu hamsini ya zamani ikawa...?"

Behewa zima: "HAMSINI!"

Swahiba akalipa, nikamwachia kitanda cha chini, hadi Kapiri Mposhi nimelala juu, pua kwenye dari. Mkienda, badilisheni kidogo tu, mkunjue kila noti na msome namba, ndege ni yuleyule kwenye zote.

Ninazo nne. Mkusanyaji wa noti za kale aje inboksi, ila asiniite mzee wangu.