Hakuna faili lililoibwa, wagonjwa wakarudishwa nyumbani

Ukitaja ulinzi wa taarifa kwenye kikao cha bajeti, mawazo ya wengi hukimbilia siri: nani atachungulia mishahara, nani atauza namba za wateja. Sheria zetu, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, nazo zinahusu taarifa binafsi. Ndipo mwenye kampuni huuliza, "Sisi tunauza saruji, tuna siri gani?" Kwa siri peke yake, swali lake lina haki.

Sasa tazama hospitali za umma za Uingereza, Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry, kinachofunga mafaili na kudai pesa ili yafunguliwe, kilipoingia. Haukupatikana ushahidi wa taarifa za wagonjwa kuibwa. Hata hivyo inakadiriwa miadi zaidi ya 19,000 ilifutwa, na katika maeneo matano wagonjwa wa dharura walipelekwa hospitali za mbali zaidi. Elfu kumi na tisa! Daktari yupo, mgonjwa yupo, kitanda kipo. Rekodi na majibu ya vipimo vimefungiwa nyuma ya kidirisha chekundu kinachodai dola 300. Microsoft ilikuwa imetoa sasisho la kuziba tundu ambalo kirusi kilipitia tangu Machi 14.

Wanaolalamikia masasisho wana lao. Kompyuta lazima izimwe na kuwashwa upya, programu ya zamani inaweza kugoma, na mashine kubwa za vipimo mara nyingi haziguswi bila ruhusa ya mtengenezaji. Ni kweli, lakini mashine ya namna hiyo inaweza kuwekwa kwenye mtandao wake peke yake, mbali na kompyuta nyingine.

Turudi kwa muuza saruji. Madeni ya wateja wote yako kwenye kompyuta moja, na diski ya nakala rudufu imechomekwa nyuma yake usiku na mchana. Hapo ndipo wengi huumia: kirusi cha aina hii hufunga kila diski ambayo kompyuta inaiona, na nakala inakwenda pamoja na asili. Kanuni ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Na diski ichomolewe kunakili kukiisha. Kisha, kila baada ya miezi mitatu, rejesheni mafaili ya nakala kwenye kompyuta nyingine huku mkitazama saa. Jaribio hilo ndilo hufichua kwamba diski ilijaa na kunakili kukakoma kimyakimya, au kwamba nywila ya programu ya hesabu anaijua karani aliyeacha kazi.