Ushuru Ambao Bunge Halikuupitisha

Jirani yangu huuza sukuma wiki kando ya barabara, na mwanawe yuko Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa hapa karibu. Jioni moja wiki iliyopita aliniletea barua ya shule, ameifunga kwenye pindo la leso pamoja na noti za mia mia. Shilingi 1,500 za masomo ya ziada. Rimu moja ya karatasi. Pesa za mtihani wa katikati ya muhula.

"Hebu nisomee vizuri," akaniambia. "Kwani karatasi si serikali hununua?"

Hununua, ndiyo, kwa maandishi. Kila mwanafunzi wa sekondari hapa Kenya ametengewa shilingi 22,244 kwa mwaka. Lakini Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia kamati ya Bunge kwamba Hazina haimudu tena kiasi hicho, inamudu 16,900. Baadaye tukahakikishiwa kwamba elimu bila malipo haijafutwa. Sawa, jina lake limebaki.

Tofauti ni shilingi 5,344. Chukua shule ya wanafunzi 600: ni zaidi ya shilingi milioni 3.2 kwa mwaka. Nimewahi kukaa kwenye bodi ya shule ndogo, kwa hivyo najua pengo hilo hutua wapi. Pesa zinapaswa kuja kwa mafungu, asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu. Fungu likichelewa au likija pungufu, wa kwanza kukosa mshahara ni walimu walioajiriwa na bodi, wale vijana wanaofundisha hesabu na kemia kwa sababu TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu, haijaleta mwalimu. Kisha maabara inakosa kemikali, na anayetudai kuni na mahindi anaanza kupiga kambi mlangoni kwa mwalimu mkuu. Mwishowe mwalimu mkuu anakaa chini na kuandika barua kama ile iliyokuwa kwenye leso.

Ndiyo maana sikubali hatua hii iitwe kubana matumizi. Hakuna kilichobanwa. Gharama imetolewa kwenye vitabu vya Hazina ikawekwa kwenye leso ya mama. Huo ni ushuru. Na ni ushuru mbaya kuliko mingine yote, kwa maana anayeuza mboga na meneja wa benki wanadaiwa 1,500 ile ile, na mtoto wa asiyenayo ndiye anayerudishwa nyumbani.

Mwaka 2024 tuliupinga Mswada wa Fedha. Vijana waliuawa kwenye maandamano ya Juni 25, na siku iliyofuata Rais akatangaza hatautia sahihi. Kwa uchungu wote ule, mswada ulikuwa umechapishwa, tukausoma kifungu kwa kifungu, tukajua mkate utaongezwa nini. Ushuru huu wa rimu haukuchapishwa popote. Hauna siku ya kutoa maoni wala mbunge wa kuulizwa alipiga kura gani.

Madeni lazima yalipwe, hilo nakubali, ingawa linaniuma. Februari 2024 tulikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya zaidi ya asilimia 9 ili tupunguze mkopo wa 2014, na nakisi ya bajeti haijaisha. Mbadi hakuyaanzisha hayo, na angalau alisema ukweli hadharani. Ila kukosa pesa ni jambo moja, na kuchagua nani akose ni jambo lingine. Katika makadirio ya 2025/26 fedha za mitihani ya kitaifa hazikuwemo hadi wabunge walipozirudisha. Ofisi kubwa zikiishiwa, huletwa bajeti ya ziada. Mbona shule haziletewi? Kipengele cha 53 cha Katiba kinasema elimu ya msingi ni haki ya mtoto, na hakikuongeza "Hazina ikiwa na nafasi".

Nilimweleza jirani haya yote kwa ufupi. Alisikiliza, akafungua pindo, akahesabu: shilingi 800. Akasema rimu itatangulia kesho, hizo nyingine atazitafuta baada ya soko la Jumamosi, na akaniomba nimwandikie mwalimu mkuu barua ya kuomba mtoto asirudishwe hadi hapo.

Nikaandika, akaikunja, akaifunga pindoni mahali pa ile ya kwanza.